Matanga ya taifa: kwa nini nchi hazikumbuki wafu wao kwa namna moja

Kila ifikapo tarehe 25 Julai, kwenye makundi ya simu huzuka ubishi uleule. Mmoja hutuma picha ya maua na fataki, chini kaandika "Heri ya Siku ya Mashujaa". Hazipiti dakika tano, mwingine anamjibu kwa ukali: heri gani hiyo, leo tunawakumbuka waliokufa, unawatakia watu heri msibani? Wa tatu anauliza mbona ofisi ziko wazi. Na kama kundi lina Mkenya, naye anashangaa, maana Siku ya Mashujaa anayoijua yeye iko Oktoba, na siku hiyo watu hawaendi kazini.

Nimeufuatilia ubishi huo kwa miaka kadhaa. Wanaobishana mara nyingi hawapingani hata kidogo. Wanazungumzia mambo tofauti yaliyotiwa kapu moja, na kapu hilo tumeliandika "kumbukumbu". Ngoja tuyatoe moja moja.

Tuanzie nyumbani, kwa sababu taifa likifiwa hufanya kwa ukubwa yale tunayoyafanya sisi uani kwetu. Mtu akifariki, tanga huwekwa. Redio hunyamazishwa, watu hulala msibani, jirani huahirisha harusi yake. Baada ya siku tatu, au saba kwa wengine, tanga huanuliwa na kila mtu hurudi kwenye shughuli zake. Arobaini ikifika watu hukusanyika tena, husoma hitima au hufanya ibada, hula pamoja na kutawanyika. Baadaye, uwezo ukipatikana, kaburi hujengewa na jina huandikwa. Halafu kuna jambo jingine kabisa ambalo halihitaji mtu awe amekufa: kumsifu mtu kwa alichokitenda, kumpa kiti cha mbele, kumtunza.

Serikali nayo ina hayo yote. Maombolezo ndiyo tanga: yana siku ya kuanza na siku ya kwisha, na rais ndiye huyatangaza. Mwalimu Nyerere alipofariki Oktoba 1999, Tanzania iliomboleza siku 30. Mzee Mwinyi alipofariki mwishoni mwa Februari 2024, siku zilikuwa saba. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018, zilitangazwa nne. Siku ya kumbukumbu inayorudi kila mwaka ndiyo hitima. Mnara ndilo kaburi lililojengewa. Gwaride na nishani ndizo sifa na heshima, na hizo hata aliye hai huvikwa.

Kuadhimisha maana yake ni kuitukuza siku, kuipa uzito. Neno hilo lina asili moja na "adhimu". Unaweza kuadhimisha jambo la furaha, unaweza kuadhimisha msiba. Kusherehekea ni furaha peke yake. Ubishi wa kwenye simu mara nyingi ungekwisha hapo tu.

Lakini hautakwisha kote, kwa sababu nchi zenyewe hazikuweka jambo lilelile kwenye siku inayoitwa Mashujaa. Kenya ilichagua 20 Oktoba kwa sababu ndiyo tarehe ambayo mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Zamani iliitwa Siku ya Kenyatta. Katiba ya 2010 ndiyo iliyoipanua iwe ya mashujaa wote, wakiwemo walio hai, hata wanariadha. Kumtakia Mkenya heri siku hiyo si kosa. Uganda huadhimisha 9 Juni, kwa kumbukumbu ya raia waliouawa siku hiyo mwaka 1981 wakati wa vita vya msituni. Rwanda ni 1 Februari. Tanzania, 25 Julai ni ya waliokufa wakiipigania nchi, na watu huenda kazini kama kawaida. Kwa hiyo yule aliyekasirishwa na fataki alikuwa na haki yake, ila angekasirika Nairobi mwezi Oktoba angekuwa amekosea nyumba.

Bendera katikati ya mlingoti

Alama ya msiba wa taifa inayoonekana upesi kuliko zote ni bendera kupepea nusu mlingoti. Watu wengi hudhani huvutwa tu mpaka katikati ikaachwa hapo. Utaratibu ni mwingine: hupandishwa kwanza mpaka juu kabisa, ndipo ikateremshwa taratibu hadi katikati. Jioni pia hupandishwa tena juu kabla ya kushushwa. Maana yake ni kwamba bendera haijashindwa, imeinamisha kichwa.

Kuna nchi ambayo haifanyi hivyo kamwe, na wenzetu wanaoishi Ghuba wamekwisha kuliona hilo. Bendera ya Saudia imeandikwa shahada, tamko la imani ya Kiislamu, na maneno hayo hayateremshwi kwa ajili ya kifo cha binadamu yeyote, awe mfalme. Mfalme Abdullah alipofariki Januari 2015, bendera ya nchi yake ilibaki juu, naye akazikwa Riyadh kwenye kaburi la kawaida lisiloandikwa jina. Jirani zao Oman, Sultan Qaboos alipofariki Januari 2020, walitangaza maombolezo ya siku tatu na bendera nusu mlingoti kwa siku 40. Tatu na arobaini: hesabu ambayo Mswahili yeyote anaitambua bila kufafanuliwa. Tukumbuke kaburi la Riyadh, maana nitalirudia.

Na kwa nini bendera yetu iteremshwe kwa kifo cha mgeni? Swali hilo lilivuma sana Septemba 2022, Malkia Elizabeth II alipofariki na bendera zikateremshwa Kenya na Tanzania. Kenya wengi walichukizwa, na sababu zao zina uzito, maana wapo wazee waliopitia kambi za kizuizini za Waingereza, na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia zaidi ya 5,000 kati yao. Hapa tunatakiwa kutenganisha mambo. Bendera kuteremshwa kwa kiongozi wa nchi nyingine ni adabu ya serikali kwa serikali, kama vile mtu anavyokwenda kuzika kwa jirani waliyewahi kushtakiana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba. Kwenda kuzika hakufuti kesi. Ila nami sioni ubaya wa aliyenyang'anywa shamba kusema kwa sauti kwamba yeye haendi.

Shujaa na mhanga

Hapa ndipo penye fundo lenyewe.

Askari alikwenda. Alipewa bunduki na amri, akakubali au akalazimishwa, akafa kazini. Abiria wa MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu, hakwenda popote kupigana. Alikuwa anasafiri na ndizi zake. Mfanyakazi aliyekufa Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani na kuua watu 213 siku ileile ambayo Dar es Salaam nako watu walikufa, alikuwa amekaa ofisini. Wa kwanza tunamshukuru. Hawa wengine tunawalilia, na pengine tunawadai majibu waliokuwa na dhamana ya usalama wao. Kuwashukuru kwa "kujitolea" ni kuwasingizia jambo ambalo hawakulifanya, na ni kuwapunguzia mzigo waliozembea au walioua.

Kiswahili chenyewe kinatutega kwenye neno "mhanga". Tunasema "wahanga wa mafuriko", tukiwa na maana ya watu walioangukiwa na balaa. Na tunasema "amejitoa mhanga", tukiwa na maana ya mtu aliyeitoa roho yake kwa hiari. Neno moja, vifo viwili ambavyo havifanani hata kidogo.

Wajerumani wana mtego huohuo. Neno lao Opfer ni mhanga kwa maana zote mbili. Katikati ya Berlin kuna jengo liitwalo Neue Wache, ambalo tangu 1993 ndilo mahali pa kumbukumbu ya taifa zima. Ndani ni ukumbi mtupu, tundu moja kwenye dari linaloingiza mvua na jua, na chini yake sanamu ya mama aliyempakata mwanawe aliyekufa. Maandishi yake yanawakumbuka "wahanga wa vita na utawala wa mabavu". Watu walilalamika sana lilipozinduliwa: je, Myahudi aliyeuawa na askari aliyekuwa akiutumikia utawala uliomwua wote wawili ni wahanga, wamo ndani ya neno moja? Hoja hiyo ni ya haki. Mwaka 2005 ukafunguliwa, si mbali na hapo, uwanja wa nguzo 2,711 za zege kwa ajili ya Wayahudi wa Ulaya waliouawa, nao peke yao.

Japani jeraha hilo halijafungwa. Hekalu la Yasukuni mjini Tokyo limeorodhesha roho za karibu watu milioni 2.5 waliokufa wakiitumikia nchi. Mwaka 1978 waliongezwa humo viongozi 14 wa ngazi ya juu walioshtakiwa kwa uhalifu wa kivita. Ndiyo maana waziri mkuu wa Japani akienda kusali pale, China na Korea huwaita mabalozi kulalamika. Msomaji akiiona habari hiyo hujiuliza kuna ubaya gani mtu kuwakumbuka wafu wake. Ubaya unaolalamikiwa ni kwamba kwenye orodha ile askari wa kijijini aliyeburutwa vitani na aliyeamuru mauaji wamewekwa safu moja, na huwezi kumwinamia mmoja bila kumwinamia mwingine.

Nchi iliyolifungua fundo hili kwa uangalifu kuliko nyingi ninazozijua ni Rwanda. Tarehe 1 Februari ni ya mashujaa, nao wamepangwa kwa madaraja. Daraja la juu, Imanzi, lina Fred Rwigema, kamanda wa vita vya ukombozi, na Askari Asiyejulikana. Linalofuata, Imena, lina watu ambao wengi wao hawakushika bunduki: waziri mkuu Agathe Uwilingiyimana aliyeuawa Aprili 1994, na wanafunzi wa shule ya Nyange. Hao, mwaka 1997, walivamiwa darasani usiku na kuamriwa wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Walikataa. Walishambuliwa wakiwa pamoja. Hao ni mashujaa kwa maana kamili ya neno, kwa kuwa mlango wa kuokoka ulikuwepo nao hawakuupita.

Tarehe 7 Aprili ni siku nyingine. Inaitwa Kwibuka, yaani kukumbuka, na inaanzisha juma la maombolezo ndani ya siku 100, muda ambao mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalidumu. Juma hilo muziki wa starehe hunyamaza na bendera huwa nusu mlingoti. Hakuna gwaride la kujisifu. Kwenye kilima cha Gisozi mjini Kigali wamezikwa zaidi ya watu 250,000, na kazi ya siku hiyo ni kuwalilia na kusimulia yaliyowapata. Kisha 4 Julai ndiyo siku ya ukombozi, na hapo ndipo jeshi hupewa sifa zake. Siku tatu, kazi tatu.

Wamarekani nao wana siku mbili ambazo hata wenyewe huzichanganya. Jumatatu ya mwisho ya Mei ni ya askari waliokufa vitani. Tarehe 11 Novemba ni ya wote waliowahi kuvaa sare, na hasa walio hai. Ukimwambia askari mstaafu "ahsante kwa utumishi wako" mwezi Mei, wapo watakaokujibu kwa upole kwamba siku hiyo si yao, ni ya wenzao wasiorudi.

Kaburi lisilo na jina, na kaburi lisilo na mtu

Vita Vikuu vya Kwanza viliua watu wengi mno, na mizinga iliwasambaratisha kiasi kwamba mamia ya maelfu hawakutambulika. Fikiria mama aliyepata barua tu. Hana mwili, hana udongo wa kutupia. Waislamu wana sala ya ghaibu kwa aliyekufa mbali. Uingereza na Ufaransa zilitafuta jambo la namna hiyo kwa mataifa yao.

Tarehe 11 Novemba 1920, siku moja, miji miwili ilipokea kila mmoja jeneza la mtu asiyejulikana. London ilimzika kwenye kanisa la Westminster Abbey, katikati ya wafalme. Paris ilimweka kwenye lango la Arc de Triomphe, ikamzika chini yake Januari 1921, na tangu 1923 moto huchochewa upya hapo kila jioni. Miili ilichaguliwa kwa namna ambayo hata mchaguaji asingeweza kujua ni ya nani. Hapo ndipo ilipo nguvu yake: kila mama aliyepoteza mwana aliweza kujiambia kimoyomoyo, huyu huenda ni wangu.

Marekani ilifuata mwaka 1921 kwenye makaburi ya kitaifa ya Arlington, ambako walinzi wamesimama usiku na mchana bila kukosa tangu 1937, wakitembea hatua 21 kwenda na 21 kurudi. Baadaye wakazikwa pale wengine wa vita vilivyofuata. Mwaka 1998 vipimo vya vinasaba vilimtambua yule wa vita vya Vietnam. Akafukuliwa, akapelekwa kwa ndugu zake, na nafasi yake imeachwa tupu mpaka leo. Kwa sayansi ya sasa huenda asipatikane tena askari asiyejulikana.

Mnara ulio mtaa wa Whitehall, London, ambao mfalme huweka shada kila Novemba, ni kitu kingine, ingawa watu huuita kaburi. Jina lake, Cenotaph, ni la Kigiriki na maana yake ni "kaburi tupu". Hakuna mtu ndani. Ulijengwa kwa mbao na plasta mwaka 1919 kwa ajili ya gwaride la siku moja, lakini watu waliurundikia maua mengi hata serikali ikaona haiwezekani kuubomoa, na mwaka uliofuata ukajengwa wa mawe. Minara mingi ya dunia ni ya namna hiyo. Kwa Tanzania, ukitaka kusimama penye miili yenyewe, nenda Kaboya mkoani Kagera, walikozikwa askari wa vita vya 1978 na 1979, au Naliendele, Mtwara, walikozikwa waliokufa kwenye ukombozi wa Msumbiji.

Kimya kilichotoka Cape Town

Nimewahi kusikia watu wakisema kusimama kimya ni ibada ya Wazungu tuliyoletewa. Historia yake inashangaza. Mei 1918 meya wa Cape Town, Harry Hands, ambaye mwanawe alikuwa amekufa Ufaransa mwezi uliotangulia, aliamuru mzinga wa saa sita mchana uwe ishara. Ukilia, magari yalisimama, watu walivua kofia, mji mzima ukanyamaza. Ilianza kwa dakika tatu, zikapunguzwa kuwa mbili: moja kwa waliorudi salama, moja kwa wasiorudi. Ilifanywa kila siku kwa miezi kadhaa. Mwanasiasa wa Afrika Kusini, Percy FitzPatrick, naye aliyefiwa na mwana vitani, aliona jambo hilo na kuliandikia London. Tarehe 11 Novemba 1919, saa tano asubuhi, Uingereza na himaya yake yote ilisimama kimya kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo dakika za kimya unazoziona bungeni na uwanjani kabla ya mpira zilizaliwa kwenye mtaa wa mji wa Kiafrika. Na si sala. Hazina maneno, na ndiyo sababu Mkristo, Muislamu na asiye na dini wanaweza kusimama bega kwa bega, kila mmoja na dua yake moyoni.

Buruji, ile tarumbeta ya jeshi inayolia kwa huzuni kabla ya kimya, zamani ilikuwa ishara ya kufunga siku kambini: walinzi wamekwisha kukaguliwa, mnaweza kulala. Kimya kikiisha, hulia nyingine ya kuamsha. Ukilijua hilo hutaisikia tena kama zamani. Mizinga 21 nayo ni ya marais, wafalme na siku kuu za taifa, asili yake ni meli za kivita kumwaga risasi zao kuonyesha zimekuja kwa amani. Askari wa kawaida akizikwa, wenzake hufyatua bunduki mara tatu hewani. Wakiwa saba, wengine huhesabu saba mara tatu wakapata 21, na mchanganyiko huanzia hapo.

Pamoja na hayo yaliyoenea dunia nzima, kuna jambo ambalo ni letu, na huniuma kuona halizungumzwi. Kwenye Siku ya Mashujaa, Rais wa Tanzania huweka mkuki na ngao kwenye mnara. Mkuu wa Majeshi huweka sime. Meya huweka upinde na mshale, mwakilishi wa askari wa zamani huweka shoka. Shada la maua huwekwa na kiongozi wa mabalozi, mgeni. Silaha hizo si za jeshi la leo. Ni kama zile za waliopigana Majimaji dhidi ya Wajerumani, waliokwenda na mikuki mbele ya bunduki za mashine. Kila zinapowekwa chini, askari wa sasa anaunganishwa na Wangoni walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906. Ni kwenye makumbusho ya mji huohuo ambapo, Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha.

Jina la nani limeandikwa?

Ukitaka kuuelewa mnara wowote duniani, usianze na ukubwa wake. Tafuta majina.

Mjini Washington kuna ukuta mweusi wa waliokufa Vietnam, uliozinduliwa 1982. Majina zaidi ya 58,000 yamepangwa kwa siku waliyokufa, si kwa cheo wala kwa alfabeti, kwa hiyo waliokufa pamoja wako pamoja. Jiwe linang'aa, ukisoma jina unaiona sura yako. Huko Hiroshima, chini ya mnara, limo sanduku la vitabu vya majina, na kila tarehe 6 Agosti huongezwa manusura ambao vifo vyao vimethibitishwa katika mwaka uliotangulia, maana bomu la 1945 bado linahesabiwa kuwa linaua. Bustani ya 7 Agosti, Nairobi, ina ukuta wa majina pia.

Uingereza ndiyo iliyoifanya kazi hii kwa upana kuliko nchi zote. Mwaka 1917 iliunda tume ya makaburi ya vita na kuipa kanuni nzuri kabisa: jenerali na askari wa kawaida jiwe moja, na asiye na kaburi jina lake liandikwe ukutani. Nenda Taveta, Voi, Tanga, Iringa, Morogoro, utaviona vijiwe vyeupe vimepangwa kwa mstari, vinapaliliwa mpaka leo.

Wapagazi hawamo. Vita vya 1914 hadi 1918 kwa upande wetu vilipiganwa kwa miguu na vichwa vya watu waliobeba vyakula, risasi na mizinga iliyofunguliwa vipande, kwa kuwa mbung'o waliwaua punda na ng'ombe. Waliokufa upande wa Waingereza wanakadiriwa kukaribia 100,000, wengi kwa njaa, kuhara na malaria. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na watu wakalitamka wanavyoweza: Kariakoo kwa Dar es Salaam, Kariokor kwa Nairobi. Tunanunua nyanya na vitenge juu ya jina lao.

Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilichapisha uchunguzi wake yenyewe na kukiri kwamba kati ya watu 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, huenda hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Haikuwa bahati mbaya. Watawala wa wakati ule waliamua kwamba Waafrika wasingejali vijiwe na majina. Na hapa ndipo linaporudi kaburi la Riyadh. Mfalme Abdullah hana jina kaburini kwa sababu watu wake wanaamini mbele ya Mungu wote ni sawa, na kila mwenzake amelala vilevile. Mpagazi hana jina kwa sababu aliyekuwa na kalamu alimwona si sawa. Ukiwaona wote wawili kwa mbali, ni udongo tu. Tofauti iko kwenye aliyeamua, na kama alijiamulia mwenyewe au alimwamulia mwenzake.

Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, na ile ya watu watatu iliyopo barabara ya Kenyatta, Nairobi, ambako mpagazi naye amesimama, zimeandikwa maneno mamoja. Zinawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha zinamwahidi apiganiaye nchi yake kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Chini ya ahadi hiyo hakuna jina hata moja.

Kazi ya kuyarudisha imeanza. Januari 2025, Cape Town ilizindua mnara wa nguzo za mvule 1,772, kila nguzo na jina la mtu mmoja mweusi wa Afrika Kusini na tarehe aliyokufa kwenye vita vile, wengi wao huku barani kwetu. Na kwenye nyaraka za zamani za jeshi huko Kenya yamepatikana majina zaidi ya 3,000 ya askari na wapagazi ambayo hayakuwa kwenye orodha yoyote ya kumbukumbu.

Majina yaliyobaki hayamo kwenye nyaraka. Yako kwa bibi anayesema babu yake alikwenda Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza, au alichukuliwa kubeba mizigo wakati wa Vita vya Wajerumani, hakurudi, na kaburi lake halijulikani. Kama kwenu yupo wa namna hiyo, kaa na mzee wako mkiwa bado mnaye. Andika jina lake, jina la baba yake, kijiji alichotoka, na aliondoka msimu gani: wa kupalilia, au wa mavuno.